Jina Lako Limeandikwa Wapi

Shangazi yangu alikuwa na mfuko mweusi wa nailoni aliouweka chini ya godoro, na ndani yake stakabadhi za kodi ya nyumba tangu enzi za marehemu mume wake. Nyingine wino ulishafifia, ukabaki mhuri tu. Alikuwa mpangaji wa Magomeni Kota, zile nyumba za chini za zamani, na kila alipofanya usafi wa kuikaribisha Ramadhani alizitoa, akazipanga kwa miaka, akazifunga tena kwa uzi niliompa mimi. Wakati huo nilikuwa kijana wa cherehani, nimepanga chumba bondeni Suna, hukohuko Magomeni. Siku moja nikamwuliza karatasi za kodi iliyokwisha kuliwa anazitunzia nini.

"Mwanangu," akasema, "nyumba si yangu. Changu ni hizi karatasi."

Sikumwelewa. Ilibidi nihamishwe na maji, kisha nihamishwe na tingatinga, na yeye aondolewe kwake na kurudi, ndipo maneno yale yakaniingia. Nayaandika haya kwa sababu jiji letu la Dar es Salaam bado linabomolewa na kujengwa, na wengi wanaoguswa ni wapangaji kama nilivyokuwa mimi.

Ukitoka Kariakoo kwa Barabara ya Morogoro, ukishavuka Jangwani unapanda kidogo, na hapo ndipo Magomeni inapoanza: Mapipa, halafu Usalama, halafu Mwembechai. Mwalimu Nyerere aliishi huku miaka ya TANU, na nyumba yake sasa ni makumbusho. Juu ni pakavu. Chini ni bonde la Mto Msimbazi, unaoanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, ukakatiza katikati ya jiji mpaka baharini pale Selander. Nyumba zetu nyingi ni za Kiswahili: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ua nyuma, choo pembeni. Kila chumba familia. Sasa ichukue nyumba kama hiyo, utafute jina la hata mpangaji mmoja kwenye karatasi yoyote. Ankara ya maji inakuja kwa jina la babu yake mwenye nyumba, aliyefariki zamani. Luku ya umeme iko kwa jina hilohilo. Kodi inapokelewa mkononi, miezi sita kwa mpigo, mara nyingi bila hata kipande cha karatasi. Wanaishi pale watu 20 na kitu, lakini kwenye makaratasi nyumba ina mtu mmoja tu, naye ni marehemu.

Mvua ya Desemba 2011 ilinikuta nimejaza kazi za Krismasi. Ilianza tarehe 20 na haikuwa na mapumziko, na ilisemwa baadaye kwamba jiji halijapata mvua ya namna ile tangu 1954. Maji hayakuja kwa mlango wa mbele tuliokuwa tunautazama. Yalitokea uani, yakapitia chooni, yakaingia koridoni yakiwa tayari yamefika magotini. Cherehani yangu ilikuwa ya miguu, na meza yake ya chuma haibebeki na mtu mmoja. Nikafungua kichwa, nikakifunga kwa shuka, nikakitia begani. Mkono mmoja nimemshika mtoto wa jirani, na mdomoni nimeling'ata daftari la vipimo. Hivyo ndivyo nilivyotoka Suna usiku ule mpaka barabarani.

Takribani watu 40 walikufa jijini katika mafuriko yale. Sisi tuliopona tulilala kwenye madarasa ya shule, wanawake upande mmoja na wanaume upande mwingine. Vitambaa vya wateja wangu vyote vilikuwa vimekwenda na maji. Lakini daftari lilikuwepo, limelowa pembeni tu, na ndani yake majina 17 yenye vipimo, aina ya kitambaa na malipo ya awali. Nilimfuata kila mmoja. Wengine walinisamehe, wengine niliwalipa kidogo kidogo kwa miezi minane. Mama mmoja wa Mikumi, mtaa wa hapahapa Magomeni, aliniambia alikuja tayari kugombana, ila alipoona jina lake na urefu wa mikono ya mwanawe vimeandikwa, moyo wake ukatulia. Mteja yule bado ninaye hadi leo.

Palepale shuleni ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza swali ambalo limenifuata maisha yangu yote ya Magomeni. Aliyekuwa akiandika majina hakuniuliza nimepoteza nini. Aliuliza, "Wewe ni mwenye nyumba au mpangaji?" Nikasema mpangaji. Akaandika kitu kifupi, akamwita wa nyuma yangu. Wengi wa waliopoteza nyumba walipewa viwanja Mabwepande, mbali huko nje ya mji. Mimi nilipewa blanketi na unga, nikashukuru kwa moyo mmoja, na mvua ilipokauka nikarudi Suna.

Watu wanaokaa juu hupenda kusema watu wa bondeni ni wabishi, wanaambiwa wahame hawasikii. Hesabu yangu ilikuwa hivi. Chumba Suna kilikuwa shilingi 25,000 kwa mwezi, na Mikumi, kutembea dakika kumi tu, walitaka 60,000. Kariakoo ninakonunua uzi, zipu na vifungo nilikwenda kwa miguu. Fundi wa kupunguza suruali hawezi kukaa Mabwepande, kwa sababu nauli ya kufuata zipu moja ingemeza faida ya suruali nne. Tulirudi tukijua hatari, tukapandisha vitanda juu ya matofali, tukaanza upya.

Kipindi hichohicho, kati ya 2011 na 2012, wapangaji wa Kota walitolewa na nyumba zao zikavunjwa. Waliahidiwa kwamba patajengwa nyumba mpya na wao watarudi. Shangazi alikwenda kwa binti yake Mbagala na mfuko wake wa nailoni. Kiwanja cha Kota kikazungushiwa mabati, majani yakaota, miaka ikapita. Mimi nilikata tamaa kwa niaba yake. Kila nilipopita pale na kuona yale majani nilisema moyoni kwamba ndiyo imetoka hiyo.

Ila wao walikuwa na kitu ambacho sisi wa Suna hatukuwa nacho. Walikuwa na orodha. Kaya 644. Kila mtu wa Kota aliijua namba hiyo kama anavyojua tarehe ya kuzaliwa mwanawe. Shangazi alipopata taarifa ya kikao alipanda daladala mbili kutoka Mbagala, akaja kusimama na wenzake saa mbili au tatu, kisha akapita kwangu kunywa chai. Nikimwuliza mmeambiwa nini, mara nyingi jibu lilikuwa lilelile: hakuna jipya. "Sasa umekuja kufanya nini, shangazi?" "Nimekuja kuonekana." Alikuwa akisema jina lisiloonekana hufutika lenyewe, halihitaji mtu kulifuta.

Mwaka 2015 kulikuwa na mambo mawili. La kwanza, vijana wa mradi wa Ramani Huria, wengi wao wanafunzi wa vyuo, walizunguka kata za bondeni wakiwa na simu na karatasi kubwa, wakichora mitaro, vichochoro na nyumba ambazo hazikuwa kwenye ramani yoyote. Binti mmoja aliniomba nimwonyeshe maji ya 2011 yalifika wapi. Nikaweka kiganja ukutani, usawa wa kifua changu. Akapima, akaandika. Nilifurahi sana siku ile, sijui nieleze vipi. Miaka minne nilikuwa nimeishi na mstari ule bila mtu kuniuliza.

La pili lilikuja kwa rangi nyekundu. Taarifa kubwa za mtaa haziji kwanza kwa redio wala kwa barua, zinakuja kwa rangi. Unaamka asubuhi unakuta X kwenye ukuta wako, alama ya kubomolewa, watoto wanaigusa kuona kama imekauka. Baraza zima linajaa, kila mtu na lake: hii ni ya barabara, hii ni ya mto, hii ni ya uchaguzi haina maana. Ilikuwa ya mto. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza kujenga ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na nyumba yetu ilikuwa karibu zaidi ya hapo. Desemba 17 tingatinga zilianza kazi bonde la Mkwajuni, zikaja Suna.

Niseme ninavyoamini. Mto unahitaji njia yake, na mtu aliyetembea na kichwa cha cherehani begani usiku wa mafuriko hawezi kubishia hilo. Lakini nilikuwa nimelipa kodi ya miezi sita mwezi Oktoba. Mwenye nyumba naye alikuwa analia, nyumba ya baba yake imekuwa kifusi, ningeanzaje kumdai? Wenye nyumba walikwenda mahakamani, wakahojiwa na waandishi, wakapigwa picha wamesimama juu ya matofali yao. Sisi tulipakia magodoro kwenye mikokoteni jioni ileile, kila mmoja na njia yake. Katika nyumba mbili zilizokuwa zinatazamana tulikuwa wapangaji 22 watu wazima. Leo najua walipo watano. Kulikuwa na kaka muuza samaki wa kukaanga, kulikuwa na mama mlezi wa wajukuu wanne, kulikuwa na yule mtoto niliyemshika mkono 2011. Sina namba zao. Hakuna aliyewafukuza kwenye orodha, kwa sababu orodha haikuwepo.

Hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa, kuliko hata zile hela za miezi sita.

Januari 2016 nilipata chumba Mwembechai, na kwa akiba ya mwisho nikakodi fremu ya duka pembeni ya Barabara ya Morogoro pale Mapipa, kodi ya mwaka mzima. Mahali hapo palikuwa dhahabu. Abiria waliosubiri daladala walisimama mbele ya mlango wangu, na mtu anayesubiri gari hukumbuka kwamba zipu yake imekufa. Nilishona vitu vidogo vidogo kutwa, mtu anasimama na taulo kiunoni nyuma ya pazia nikimalizia suruali yake. Miezi minne ilikuwa mizuri.

Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yakaanza, na daladala za njia ile zikaondolewa. Siku za mwanzo nauli ilikuwa bure, watu wakajaa kushangaa, halafu ikawa shilingi 650. Nami nilipanda, na nakiri ni faraja: Kimara mpaka Kivukoni bila ile foleni ya kufa mtu. Lakini vituo viko katikati ya barabara. Abiria anavuka kwenye kivuko kimoja, anaingia ndani ya kituo, anaondoka. Miguu iliyokuwa inapita mlangoni kwangu ilihamia katikati ya lami kwa usiku mmoja. Wiki ya tatu nilipata kazi mbili kwa siku, na moja ilikuwa ya jirani wa fremu ya pili.

Vituo vile havikushuka kutoka mbinguni. Ujenzi ulianza 2012, nilivuka vifusi vyake kila siku nikienda Kariakoo, nilijua mpaka rangi ya vigae. Taarifa zote nilikuwa nazo, ila nilizisikiliza kama habari za magari. Sikujiuliza swali moja tu la fundi: watu watapita wapi kwa miguu? Kwa hiyo kodi ya mwaka ilipoisha sikukimbilia kwa dalali. Nilikaa siku tatu karibu na kivuko cha Mapipa, asubuhi na jioni, natazama wanaoshuka wanageukia wapi. Wengi walikata kona moja kuingia Mikumi, wakipita dukani kununua mkate. Nikakodi kijichumba jirani na duka hilo, nusu ya kodi ya mwanzo, hakina hata baraza. Nipo hapo mpaka leo na nina kijana mmoja ninayemfundisha.

Septemba 2016 Rais Magufuli alifika Magomeni Kota. Shangazi alinipigia simu, sauti inatetemeka, nikadhani kuna msiba. Alikuwa amesimama palepale kwenye kiwanja, na wameambiwa nyumba zinajengwa na wakirudi watakaa miaka mitano bila kodi. Ujenzi ulipewa Wakala wa Majengo Tanzania. Tulikuwa tukisimama na shangazi ng'ambo ya barabara tunahesabu ghorofa zikipanda. Rais Magufuli hakuuona mwisho wake. Rais Samia ndiye aliyezindua Machi 2022, nyumba za zile kaya 644.

Miaka kumi na zaidi. Wapo waliokufa kabla, na watoto wao wakaingia. Na swali pale mlangoni lilikuwa: jina lako ni la ngapi? Mzee mmoja asiye na mfuko wa nailoni, aliyehama na kuhamahama, alipata tabu kubwa kuthibitisha kwamba yeye ni yeye. Shangazi alitoa furushi lake la stakabadhi, na yule kijana aliyekuwa mezani akafungua tatu, akazitazama, akamrudishia kwa mikono miwili. Shangazi alikuwa akiisimulia hiyo "mikono miwili" kuliko alivyosimulia ghorofa yenyewe.

Maisha ya ghorofani hayakuwa mepesi kwake. Maji ndani, choo ndani, alifurahi. Lakini hakuna ua, na jirani aliyekuwa akimpokonya mwiko ili aonje mchuzi sasa yuko ghorofa nyingine nyuma ya mlango wa funguo. Kila alasiri alishuka na mkeka wake akakaa chini kivulini, na pole pole wenzake nao wakaanza kushuka, mpaka pakawa na baraza. Nadhani wanaochora majumba haya wangekaa pale alasiri moja tu, wangejua cha kuongeza.

Huku bondeni nako mambo yamesogea. Mradi wa Bonde la Msimbazi, kwa fedha za Benki ya Dunia na wengine, umeleta uthamini na fidia, na pale Jangwani, panapofungwa kila mvua kubwa ikinyesha, pamepangiwa daraja refu. Rafiki yangu wa Kigogo aliniita nikamsindikize kwenye mambo ya fidia yao. Nyumba iliandikwa jina la babu. Babu alifariki, baba akafariki, na katika familia nzima hakuna aliyewahi kufungua mirathi. Wajukuu walikaa miaka yote hiyo kwa amani, kila mmoja na chumba chake, mpaka fedha ilipotajwa. Ikabidi waitishe kikao cha ukoo, wateue msimamizi, waende Mahakama ya Mwanzo, wasubiri tangazo, mmoja akaweka pingamizi. Wenzao wa nyumba ya pili walikwisha kulipwa na kuhama, wao bado wanatafuta cheti cha kifo cha mzee aliyezikwa kabla wao hawajazaliwa.

Niliporudi kutoka kwenye kile kikao ndipo nilipofanya nilichokuwa nakiahirisha. Nilinunua daftari la kaunta, nikapita vyumba vyote vya nyumba ninayokaa na mbili za jirani. Jina, simu, umeingia lini, umelipa mpaka lini, ndugu wa kupigiwa. Mwanzoni waliniogopa, mmoja akauliza natumwa na nani. Mwenye nyumba wetu, Mungu ambariki, alikuwa wa kwanza kuweka sahihi. Nakala nilipeleka kwa mjumbe, nyingine ofisi ya serikali ya mtaa, wakaipiga mhuri. Tangu siku hiyo kila anayelipa kodi anaandikiwa risiti, na anayehama anaacha namba ya anakokwenda.

Oktoba 2024, wakati wa kuandikisha wapiga kura wa serikali za mitaa, wapangaji wengi walidhani kadi ya mpigakura inatosha. Haitoshi, ile ya mtaa ni orodha nyingine, na majina hubandikwa ubaoni mtu akajisome. Nilipita tena vyumbani na daftari langu, tukaenda kundi zima. Watu waliokaa Mwembechai miaka tisa walisoma jina lao ukutani kwa mara ya kwanza. Dada mmoja anayeuza mihogo alilipiga picha kwa simu.

Shangazi hakuliona hilo. Alifariki mapema mwaka huohuo, usingizini, kwenye ghorofa yake, jina lake likiwa mlangoni. Baada ya arobaini binamu yangu alikuja kibandani na ule mfuko wa nailoni, umepasuka pembe zote mbili. Alikuwa ametoka Mahakama ya Mwanzo asubuhi hiyo. Aliniomba nimshonee mwingine. Nilikuwa na kipande cha khaki kilichobaki kwenye sare za shule, nikapima stakabadhi moja, nikaongeza upana wa vidole viwili, nikatia zipu nzito ndefu. Tukazipanga kwa miaka kama mwenyewe alivyokuwa akifanya. Ile barua ya usimamizi wa mirathi tukaiweka juu kabisa.